Mwandishi Niliyempenda Tangu Utoto Ni Mama Mkwe Wangu, na Sasa Nimechoka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe mwandiko, kwa sababu nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kapu la shuka chafu wakati wa mapumziko, na mkono wenyewe hautaki tena kushika kalamu, utaelewa kwa nini.

Mimi ni mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia nguo za hoteli na hospitali, nasimama kutwa mbele ya mvuke, narudi nyumbani miguu imeumuka kama mikate, na nimeolewa na fundi umeme ambaye sina ubaya naye, hanywi, hapigi, ila ni mtoto wa mama.

Tangu nikiwa msichana mimi ni mpenzi wa vitabu vya katuni, na kuliko vyote nilipenda vile vilivyokuwa vinatoka kila mwezi kuhusu mwanamke fundi wa mitambo, jina lake silitaji na la mwandishi silitaji, utaona sababu, nitamwita Fundi tu. Katika katuni nyingine watu walirushiana ngumi na kuruka maghorofa, lakini huyu Fundi alikuwa anatengeneza pampu, anabishana na msimamizi, anarudi nyumbani anavua viatu, halafu mwandishi anakuachia picha nzima bila neno hata moja, mwanamke amekaa ukingoni mwa kitanda anaangalia vidole vyake vya miguu, basi, na mimi nikiwa mtoto nikamwona mama yangu mzazi pale. Hata wabaya wake hawakuwa mashetani, walikuwa watu waliochoka waliopewa cheo. Na maneno sasa! Mtu akitaka kudanganya, mwandishi alimfanya aongee kwa adabu nyingi mpaka ukamshtukia mwenyewe bila kuambiwa. Mimi namna ya kumjibu bosi nimejifunza humo, na namna ya kunyamaza pia. Halafu ghafla vikakoma, Fundi akiwa amefungiwa stoo ya kiwanda, hatukuambiwa chochote, na sisi wasomaji tukaamini mwandishi, ambaye alitumia jina la kiume, amefariki.

Sasa mama mkwe alikuja kukaa kwetu baada ya kiharusi kumlegeza mkono wa kulia. Enzi zake alikuwa karani mpiga chapa, mtu wa kunyooka, na hakuna langu linalompendeza, chai yangu ina maji, mapazia yangu yana msiba, deki napiga kama nafukuza kuku. Siku moja nilikuwa nimekaa naye nasoma nakala yangu kuukuu, nikacheka peke yangu pale Fundi anapomwambia msimamizi, "Mashine imepona, bosi, sasa tukuangalie wewe," na yule mama, macho ameyafumba, akasema kutoka kitandani, "Hakuishia hapo. Alisema, 'Ila kwako sina vipuri.' Mhariri akakata."

Nikamwuliza, "Mama, umejuaje?"

"Nitaachaje kujua maneno yangu mwenyewe?"

Mshauri, nililia kama mtoto. Akaniapisha nisimwambie mwanawe. Kumbe marehemu baba mkwe alipogundua kwamba mkewe ndiye anayeandika yale mambo ya kuwasema wakubwa, alimwambia achague, katuni au nyumba, naye akachagua nyumba, na mume wangu wakati huo alikuwa mdogo hakujua lolote. Mume wangu anamtukuza baba yake kupita kiasi, picha yake ndiyo kubwa kuliko zote sebuleni, na mama hataki kumharibia.

Basi akaniambia anataka kumtoa Fundi stoo kabla hajafa, mkono wake hauwezi, wangu unaweza, na kila jioni nikimaliza vyombo naingia chumbani kwake, nafunga mlango, yeye anasema mimi naandika. Mwanzoni niliona nimependelewa na Mungu, mpenzi gani wa katuni hataki bahati hiyo? Sasa nimechoka. Anafuta, anarudia, anasema mwandiko wangu umelala chini kama mlevi. Nikithubutu kusema Fundi hawezi kuongea hivyo, mimi niliyemsoma mpaka karatasi zikachanika, ananijibu, "Wewe umemsoma, mimi nimemzaa." Na la kuniumiza zaidi, ameingiza mtu mpya, mkamwana wa Fundi, anayeburuta ndala, anaunguza mashati ya watu na kusahau chumvi kwenye mboga, na mimi ndiye ninayeandika hayo kwa mkono wangu, na yanachekesha, mshauri, hapo ndipo panaponiuma, yanachekesha kweli.

Juu ya hayo, mume wangu ameona mlango unafungwa kila jioni na karatasi zinafichwa, na wifi yangu akamtia maneno kwenye simu kwamba namwandikisha mama yao hati ya kunipa nyumba yake. Juzi akanisimamisha koridoni akaniuliza, "Unamsainisha mama yangu nini?" Nikasema hakuna. Akasema, "Hakuna, na wino uko kwenye vidole?" Tangu hapo analala sebuleni na anasema mwisho wa mwezi mama anahamia kwa wifi. Mama akihamia huko Fundi atabaki stoo milele. Nikisema nimevunja kiapo, nikinyamaza mimi ni mwizi, nikiacha kuandika nimemuua mtu niliyempenda tangu utoto. Nifanye nini?

Mimi, Mpiga Pasi Niliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga Pasi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilitaka kukufinya.

Umewachanganya watu wawili, dada yangu. Kuna mwandishi aliyekupa vitu vizuri ulipokuwa msichana. Huyo mshukuru, na umefanya vyema kumpenda. Halafu kuna mgonjwa aliye nyumbani kwako, mwenye hofu, mwenye mkono uliokufa na ulimi ulio hai. Ulidhani aliyeandika kwa upole ataishi kwa upole. Nani alikudanganya? Upole wake wote aliutia kwenye karatasi, ukabaki ukali anaoumwaga kwenye chai yako. Usimchukie kwa hilo, lakini pia usimwachie akukanyage eti kwa kuwa alikuwa shujaa wako. Kumpenda mtu kwa kazi yake hakukufanyi uwe mtumwa wake.

Kiapo chako kinakutaka usitoe siri yake. Hakikutaki uitwe mwizi ndani ya nyumba yako. Kwa hiyo mumeo usimwambie wewe. Mkabili mama mkwe wako, mchana, ukiwa umekaa na si ukiwa umeinama na beseni, umwambie: mwanao ananiita mwizi kwa ajili yako. Halafu unyamaze. Siri ni yake, na mdomo anao. Akikataa kusema, weka kalamu chini na uende ukalale, na wala usijione mkatili.

Eti mumeo ataharibikiwa akijua baba yake alikosea! Mtu mzima anayepanda nguzo za umeme atastahimili kusikia kwamba baba yake alikuwa binadamu. Mnambeba kama yai, matokeo yake ndiyo hayo, anakusimamisha koridoni kama askari. Na hilo la kukuuliza kuhusu wino badala ya kukuuliza kuhusu uchovu, asidhani limenipita. Atakuomba radhi.

Wifi yako mpelekeeni mama yake kwa wiki moja amwogeshe na kumlisha. Akimaliza tutaona kama bado ana nguvu za kupiga simu.

Kuhusu huyo mkamwana wa ndala, mwulize mwenyewe aliyemtunga. Mnakaa kichwa kwa kichwa kila jioni, na badala ya kumwuliza yeye unakuja kuniuliza mimi. Na jambo la mwisho, jamani, nyumba nzima ya fundi umeme hamna simu? Simu zinarekodi sauti. Mama aongee, mashine isikilize, wewe uandike siku unazotaka wewe, mkono ukiwa umepumzika. Mkono huo ndio unaokulisha. Anza leo.

(Kwa sababu ya siri iliyomo, jibu hili tulimpelekea Mpiga Pasi kabla ya kulichapisha. Haya ndiyo aliyotuandikia baadaye, na yeye na mama mkwe wake wameturuhusu kuyatoa yote.)

Mshauri, nimefanya, ingawa si kwa mpango wako. Nilianza na ndala, kwa sababu ndizo zilizoniuma zaidi. Nikamwuliza, "Mama, huyu mkamwana ni mimi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Sasa ulitaka nimwandike nani? Namwona nani mwingine kutwa nzima?"

Hakusema kwa ukali, mshauri. Alisema kwa uchovu, na nilipousikia ule uchovu nikakosa hata hasira. Ndipo nikaweka kalamu, nikamweleza mwanawe ananiitaje. Akaniomba nimvute akae vizuri kwenye mto, kisha akasema, "Mwite."

Mume wangu alikuja na bisibisi mkononi, akidhani taa imeungua. Mama akamwambia yote mwenyewe. Hakumtukana marehemu. Alisema tu, "Baba yako alinikataza, nami nikakubali, na sijawahi kupoa tangu siku ile." Mume wangu akaruka, akasema mama anachanganyikiwa, akaniangalia mimi kana kwamba nimemlisha maneno. Nikaenda nikaleta katuni zangu zote, nikazimwaga kitandani. Mama akawa anamwambia, fungua yoyote, nisomee mstari mmoja. Anasoma mmoja, mama anasema unaofuata. Anasoma mwingine, mama anasema unaofuata. Mwishowe akaacha kufungua. Akatoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, na kwa siku kadhaa hakusema na yeyote kati yetu.

Radhi hajaniomba kwa maneno mpaka leo, nikuambie ukweli. Amerudi chumbani, amempigia dada yake akamwambia mama haendi popote, na ametafuta simu ya zamani akaitengeneza iwe ya kurekodia. Mama haipendi, anasema haina macho, haijui kucheka. Lakini anaitumia siku ninazolala mapema, na siku hizi ni nyingi. Picha ya marehemu ipo palepale. Mkamwana wa Fundi naye yupo, ila nimekataa la chumvi, tumebishana, nikashinda.

Jana baada ya chakula mume wangu aliomba asome tulikofika. Si msomaji, huwa anasoma maelekezo ya mita tu. Alisoma kwa sauti, akijikwaa, mama akimwambia hapo pumzika, hapo usiharakishe, mimi nimejilaza kwenye mkeka nimefumba macho. Akafika pale Fundi, ndani ya stoo, anasikia mtoto wake wa mwisho, bado mdogo, anapita nje akiimba, naye anaziba mdomo kwa kiganja asimwite, ili mtoto asije akamwona amefungiwa. Mume wangu akausoma mstari ule mara ya pili.

"Mama," akasema, "ile siku baba alipokukataza, nilikuwa naimba?"

"Soma tu, mwanangu."

Akasoma.