Mdundo Tulioudhania Maada ya Giza

Kaka yangu mpendwa,

Bado naiona jioni ile tulipotoka seminarini kwako Kipalapala kwa miguu, wewe umevaa kanzu iliyokuzidi urefu, tukifuata njia ya zamani ya misafara huku tukitafuna michembe ya mama, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Vumbi lilikuwa na rangi ya asali. Nilikuwa nimeanza kazi ng'ambo, nawe ulitaka kujua nafanya nini hasa. Nikakwambia ulimwengu umejaa maada ya giza: haing'ai, haionekani, ila mvutano wake ndio unaozishikilia nyota zisitawanyike.

"Sasa mtaionaje?"

Nikakueleza kuhusu mtambo wetu wa kunasa mawimbi ya mvutano: vioo vilivyoning'inizwa kwa umbali wa kilomita kadhaa, miale ya leza ikienda na kurudi kati yavyo. Kama maada hiyo ni chembe nyepesi mno, huenda inatupitia kama wimbi na kuvitikisa vioo kidogo sana, kwa mdundo mmoja usiobadilika.

Ulisimama. "Ina maana hata sasa inatupitia?"

"Huenda."

Ukafumba macho, ukanyoosha mikono kama anayekinga mvua, mpaka mtu wa baiskeli akakupigia kengele umpishe. Tulicheka hadi nyumbani.

Mwaka uliofuata homa ikakuchukua. Sikuwahi mazishi.

Nilikuwa huko ng'ambo, bado na majonzi yako, mdundo ulipojitokeza kwenye vipimo vya mtambo. Mwembamba, wa kudumu. Niliutazama siku nyingi na, usinicheke, nilihisi ni wewe unaniita. Kisha mwenzangu wa kazi akavuta kiti, akaketi karibu yangu.

"Pole. Ni pampu ya mtambo. Tumeizima, na mdundo umetoweka."

Nililia mbele ya watu. Wakadhani nalilia utafiti. Nikaomba likizo, nikarudi Tabora nikiwa nimeazimia kuacha kazi.

"Hicho kitu mmekipata?" mama aliniuliza.

"Bado, mama."

Jana alinipeleka kaburini kwako. Tulipalilia, kisha akaniacha peke yangu. Nikakusimulia yote kwa sauti, hata habari za pampu, na kwa mara ya kwanza sikungoja unijibu.

Kesho napanda treni, kisha ndege, narudi kazini. Tutavisikiliza vioo upya, na huenda tusipate kitu maisha yangu yote. Ila humo sitakutafuta tena, kaka. Wewe nitakuja kukuona hapa.

Pumzika.

Mdogo wako