Simu Moja ya Mji Mzima

Harrison, sikia haya. Dama mkewe Chome nusura afe sasa hivi, hapa zahanati Kikoneni.

Penisilini! Dama akidungwa penisilini koo huvimba, hapumui. Wajua mwenyewe, mara ile tulimbeba pamoja.

Nesi ametazama tableti ya rekodi za wagonjwa, akasema, "Humu huna tatizo na dawa yoyote, mama. Geuka nikudunge."

Dama akaruka. "Dada, hiyo itaniua!"

"Mashine haisemi hivyo."

Mashine haisemi hivyo! Na sindano imeshajazwa!

Dama akapiga mayowe mpaka nesi akasoma jina. PURITY. Mke mwenziwe! Rekodi hufunguliwa kwa nambari ya simu, na wake wote wa mji ule, boma zima la Chome, wameandikishwa kwa simu ya mama mkwe, maana ndiyo pekee waliyo nayo.

Nilisema barazani siku walipozileta hizo tableti: huku ni mji mmoja, simu moja! Wakaniita mchochezi. Namkumbuka kila aliyecheka.

Kisha nesi akaketi, rangi imemtoka. "Purity alikuja asubuhi. Nimempa vidonge vya ugonjwa ulioandikwa humu, na sijui nilisoma rekodi ya nani."

"Basi mpigieni asivimeze!" nikafoka.

Dama akafungua pindo la leso, akaitoa simu, akaangua kilio.

"Tumpigie wapi, kaka? Simu yetu ndiyo hii."

Nesi ameparamia pikipiki bila viatu. Sisi twangoja.