Kreti la Soda za Shukrani

Jumatatu

Lazima anuse kila chupa? Najua, watu huweka mafuta ya taa kwenye chupa za soda, kisha wanazirudisha. Lakini si mbele ya wateja wote.

Nilipeleka kreti la jana dukani nirudishiwe pesa ya chupa. Mama Shiru, mwenye duka, akanusa ile moja ya limau, akanusa tena, akaniangalia kwa huruma. "Mama Brayo, hii ilikuwa na chang'aa."

Nikamwambia si pombe, ni spiriti ya kuosha kidonda. Sijui kama aliamini.

Jana watu wa kanisa walikuja kwetu kumshukuru Mungu kwa sababu Baba Brayo ameacha pombe. Wote walikunywa soda nyeusi. Yeye alisimama akatoa ushuhuda, chupa ya limau mkononi. Nililia. Hata pasta alilia.

Na hii kazi ya ulinzi Lavington ameipata juzi tu. Siku wakimnusa...

Ameingia sasa hivi. Hata salamu hajanipa, ameniuliza kama chupa zote zilikubaliwa.

Nimemwambia zote.

Ameshusha pumzi, na mimi, kama Mama Shiru, nimejikuta nanusa.