Mkeka Uliofumuliwa

Konsolata mwanangu,

Lori la misheni linapiga honi, natangulia Michenga kwa shangazi yako. Kesho binti yake anaolewa, na mkeka wa kumkalishia ni wa kwetu. Wali umo chunguni. ~~Ukimaliza kusuka ndipo ule.~~ Kula kwanza. Kuku uwafungie mapema, kicheche amerudi.

Alfajiri nimeufuata mkeka, nikakuta rundo la ukindu, nawe umelala juu yake, machozi yamekukaukia shavuni. Umeufumua tena! Kisa, mstari mmoja mwekundu umeenda upande. Kweli, bibi harusi angeuhisi kwa makalio.

Mikono mitupu siendi. Nimebeba ule mkeka wako wa kwanza, uliousuka ukiwa mdogo, umepinda kama mto Kilombero. Wakiuliza fundi ni nani, nitakutaja kwa sauti.

Ila baba yako hakubali kulalia mwingine, na usiku atautafuta. Anza kumsukia mpya leo. Na tafadhali, mama, uupinde kidogo. Mgongo wake umeshazoea.

Mama yako