Gari Nililolitoa kwa Utani

Maganga,

Gari lako nimeligawa. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitazungukazunguka kama ulivyozoea kunisema, na mwisho nitaifunga barua bila kulitaja. Sikuliuza wala sikuliiba. Nimelitoa sadaka mbele ya waombolezaji wote, wewe mwenyewe ukiwa sebuleni ndani ya sanduku, na nililitoa kwa utani.

Unaijua kazi ya mtani msibani. Mababu zenu walipobeba mizigo kutoka Unyanyembe hadi pwani walipita kwetu Uzaramo, wakachekana na kuzikana na wazee wetu, ndipo tukarithi ruhusa hii ya kutukanana mpaka kaburini. Mtani halii. Mtani anawachekesha wanaolia. Kwa hiyo sikulia, Maganga, nilifanya kazi yangu.

Nilivaa kofia yako ya pama nikaingia kwenye lile gari la haibridi, mtumba wa Japani, ulilotutambia kwamba linakula mafuta kidogo kuliko pikipiki ya mkweo. Nikateremsha kioo, nikakohoa kikohozi chako, nikasema kwa sauti yako: "Mimi Maganga bin Ubahili, gari hili nawaachia masista wa zahanati ya Ntalikwa, wabebee wajawazito. Nimebebea asali ya Kaliua miaka yote, na sisimizi tu ndio walioshukuru." Watu walicheka mpaka mkweo akakaa chini. Nikafunga mlango nikatulia, nikimsubiri mdogo wako aje na kuku kulikomboa gari, kama ilivyo desturi.

Aliyenifikia kwanza ni Sista Leokadia.

Yule mganga mfawidhi mpya, uliyekuwa ukimpelekea ndoo ya asali kwa ajili ya wagonjwa wake. Ni mgeni wa Tabora, hajawahi kuwaona watani wakiwa kazini. Alikuja machozi yakimtoka, akanishika mikono yote miwili pale dirishani, akasema, "Tumeliomba gari hili kwa Mungu kila asubuhi." Kicheko kikakatika. Mdogo wako alikuwa amesimama nyuma yake, kuku kwapani, hajui afanye nini. Na mimi Pazi, ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa neno, nikalivua pama lako tu. Mkeo ndiye aliyeinuka mkekani akasema, "Karibu, Sista, ni lenu." Basi, likawa limetolewa.

Tangu siku ile sina raha. Mwanao Elias alinipigia kutoka Dar mara moja tu. "Baba mdogo, ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akakata simu. Kadi ya gari ikapelekwa kubadilishwa jina, masista wakajenga banda la kuliegesha, na kila hatua nilitaka kusema, jamani, ule ulikuwa utani. Kila nikitaka kusema nawakumbuka wale wanawake wanaoletwa Ntalikwa wamekalishwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, uchungu umewashika. Nikisema, nawanyang'anya wao. Nisiposema, nimemnyang'anya mjane wako.

Halafu nikamwona mkeo, Mama Kalunde, akienda kliniki ya presha hospitali ya Kitete kwa bodaboda. Amekaa upande, kadi ya kliniki ameishika kifuani, kitenge kinapepea karibu kabisa na mnyororo. Nilijificha nyuma ya kibanda cha vocha, mzee mzima mwenye wajukuu. Kuanzia hapo nikaacha kupita kwako. Msikitini naenda kwa njia ya relini, mzunguko mrefu, magoti yananiuma. Nikipika chai inachemka mpaka inakauka, nimesimama hapohapo najiuliza: je, kweli ulikuwa utani? Maana gari lile nilikuonea wivu. Sikuwahi kukwambia. Ulipolileta nilicheka sana kuliko wote, na moyoni nilikuwa nasema, huyu naye kanipita. Labda mdomo ulitoa kile ambacho moyo ulikuwa unakitaka, kwamba wewe usibaki na gari hata ukiwa umekufa. Hofu hiyo imenikondesha, Maganga.

Siku moja kabla ya kuwakabidhi masista gari nikaenda kwa mkeo. Alikuwa uani anamenya karanga. Nilishindwa hata kumtania. Nikamwambia, "Shemeji, mimi siku ile nilikuwa natania. Ukitaka gari lirudi, nitakwenda kwa Sista leo hii, nitabeba aibu mwenyewe."

Hakuinua uso. Alimenya karanga kama kumi hivi, ndipo akaniambia jambo ambalo nadhani hajamwambia mtu mwingine.

"Ile siku aliyofariki nilimwona, shemeji. Aliingia getini, akasimamisha gari, hakushuka. Gari lenyewe likisimama linanyamaza, unalijua. Nikadhani amelizima, anasikiliza taarifa ya habari. Nikaendelea kupepeta mchele. Niliumaliza wote. Nilipokwenda kumwita chakula, taa za mbele ya usukani zinawaka, na yeye amekaa palepale, ameshatutoka."



"Kila asubuhi nafungua dirisha naliona pale," akasema. "Ulipolitoa nilishukuru Mungu. Niliogopa tu kusema, wasije wakasema namfukuza marehemu." Kisha akanipa ungo nimsaidie, akaongeza: "Elias niachie mimi. Lakini umelitoa kwa mdomo, sasa utaliendesha kwa mikono, mpaka masista wapate dereva. Leseni unayo. Na Jumatano utanipitia, kliniki iko njia hiyohiyo."

Kwa hiyo, mtani, dereva wako ni mimi. Makabidhiano yalipita vizuri, Sista aliomba sala ndefu, nikaitikia amina pasipostahili. Jana nimembeba wa kwanza kumpeleka Kitete, binti wa Ntalikwa, mimba ya kwanza, amekaa nyuma na mama mkwe wake. Njiani ng'ombe wakavuka barabara, nikasimama. Gari likanyamaza kama kawaida yake. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona binti amefumba macho, kichwa kimelala kwenye kiti.

Nikageuka nikasema, "Mwanangu, sema kitu." Mkwe wake akanishangaa: "Babu, mtoto ana uchungu, aseme nini?" Nikasema, chochote, anitukane akipenda. Binti akafumbua macho, akaanza kunitajia majina ya ndugu zake, mmoja mmoja, akisita tumbo linapobana, kisha akaanza na mashangazi, mpaka tukafika geti la hospitali. Leo asubuhi nimeambiwa amejifungua mtoto wa kiume.

Jana hiyo nilirudi na gari tupu, nikaliingiza bandani, nikakaa palepale ulipokaa wewe. Nikalia, Maganga. Nimechelewa, najua.

Nenda salama, Mnyamwezi wangu. Nisamehe wivu, na nisamehe kwamba siku ile hapakuwa na mtu wa kukugongea kioo. Nakuahidi hivi: nikiwa nyuma ya usukani huo, hakuna atakayenyamaza humo ndani, nami nikadhani anapumzika.

Mtani wako,
Pazi