Mkwe Aje Anitambue

Mabanga, 5 Julai 2025

Kwa mkwe wangu Mukhisa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, ni magoti tu yananisumbua na hii baridi. Je, kifua chako kilipona?

Tangu tumzike binti yangu Emmy mwaka juzi hatujaandikiana. Ningepiga simu, lakini sauti ya mkwe sikioni naona ni kama amekaa karibu mno.

Nina shida. Nilienda mjini Bungoma kufungua akaunti ya Sacco. Mashine ikakataa vidole vyangu, ati jembe limemaliza alama. Picha ya kitambulisho nayo ni ya msichana fulani mwenye mashavu. Karani, jina lake Linah, akasema lazima memba anayenijua kwa miaka aje mwenyewe, aniangalie usoni, aseme ni mimi.

Memba ninaowajua ni wawili. Mmoja ni shemeji yangu Khisa, na si pesa ya maziwa yangu ndiyo inaingia kwa akaunti yake, ananikatia anavyotaka? Huyo hawezi kukubali. Na mwezi huu ukiisha bila akaunti yangu, itaendelea kuingia kwake mwaka mzima.

Wa pili ni wewe. Najua mkwe hamtazami mama mkwe. Nisamehe kwa kuomba.

Mama mkwe wako,
Phelista


Kitale, 11 Julai

Kwa Mama mkwe,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kimepona, mvua ndiyo haijatuacha.

Mama, miaka yote hii ninachokijua ni ndara zako za buluu, na kikohozi chako ukitaka nikupishe njia. Karani akiniuliza sura yako ikoje, nitasema nini? Hata kwa mazishi nilisimama ng'ambo ya kaburi nikitazama chini.

Lakini ng'ombe unakamua wewe. Nitakuja Alhamisi. Wewe jifunike leso, mimi nivute kofia, nikuangalie haraka kama mtu anayechungulia jua, tumalize. Wazee wakiuliza, tutasema tulikuwa ofisini, si bomani kwako.

Mkweo,
Mukhisa


Mabanga, 19 Julai

Kwa mkwe wangu,

Hujambo tangu Alhamisi? Huku hatujambo. Akaunti imefunguliwa na Khisa hanisalimii, kwa hivyo mambo ni mazuri. Nashukuru sana.

Lakini kuna jambo linaninyima raha. Linah aliposema, "Mama, toa leso bana, huyu atakutambuaje?" niliitoa. Ukainua kofia. Hukuniangalia haraka kama tulivyopanga. Uliangalia na kuangalia, mpaka Linah akauliza mara ya pili kama unanijua. Ukasema ndiyo, ukatia sahihi, ukatoka bila kuaga. Soda niliyokununulia ilibaki kwenye benchi.

Je, nilikukosea? Au ule mwiko ndio unakusumbua? Niambie tu ukweli.

Mama mkwe wako,
Phelista


Kitale, 2 Agosti

Kwa Mama,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika nikachana, nikaandika tena.

Hukunikosea. Uliposhusha leso nilimwona Emmy. Paji lile lile, na ule mdomo unaojikaza kabla ya kucheka. Emmy mwenye mvi. Watu waliniambia mlifanana, nami nilikuwa nasikia tu, ningejuaje? Tulikuwa tukitaniana na yeye nani atazeeka vibaya, na hakupata hata unywele mmoja mweupe.

Nilitoka kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na kwetu mkwe halii mbele ya mama mkwe. Nimemkumbuka sana, Mama. Huku Kitale sina mtu wa kumwambia.

Mkweo,
Mukhisa


Mabanga, 6 Agosti

Kwa mwanangu Mukhisa,

Sitauliza habari, umeshanipa. Nimesoma nikalia, kisha nikatafuta kioo, maana hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Emmy bado yupo mahali.

Nimeita wazee Jumapili waje wautoe huo mwiko kwa njia yao. Wakikataa, watakunywa chai yangu warudi kwao. Wewe njoo. Nitakaa sebuleni, kwenye kiti kinachoelekea mlango. Hamu ya Emmy ikikushika, nitazame mpaka utosheke, na ukitaka kulia, lia.

Mamako,
Phelista