Usukani wa Baba Mkwe

Shoga, nimekwama. Naandika kwa mkono mmoja, niko ndani ya gari la baba mkwe, na gari lenyewe limepandishwa juu hapa gereji.

Fundi wa alaimenti, yule wa kunyoosha magurudumu, kifaa chake cha kufungia usukani kimevunjika. Kaniambia nikae niushike, nisitikisike. Chini ni mbali, siwezi hata kuruka!

Unakumbuka ule ukingo wa barabara niliougonga na gari hili nikiwahi saluni? Ile siri niliyokwambia ufe nayo? Baba mkwe alipoona matairi yanaisha, mimi huyu huyu nikasema dereva wake anaendesha kama mwehu. Akamfukuza. Mzee wa watu.

Sasa fundi anamwonyesha baba mkwe tairi. Upande wa nje jipya, wa ndani limelika mpaka nyuzi. NYUZI, shoga.

"Huu si uendeshaji, mzee. Magurudumu yametazama nje, kila moja na njia yake. Gari hili liligonga kitu."

"Dereva aliniapia hajagonga," baba mkwe akasema.

"Nani mwingine huliendesha?"

Baba mkwe aliinua macho tu, akanitazama dirishani. Shoga, alinitazama!

Sasa anapiga simu. Namsikia: "Njoo gereji, ndugu yangu. Nimekukosea."

Nimemwita, "Baba, naomba nishuke."

"Kaa hapo hapo, mwanangu," kasema, kwa upole kabisa. "Utashuka dereva akifika, umweleze mwenyewe."